Kukata Spraiti Kwenye Kingo za Skrini: Mwongozo wa Kuandika Msimbo Wako Mwenyewe

Spraiti, yaani picha ndogo ya mhusika au kitu inayosogezwa juu ya mandhari ya mchezo, ikiwa katikati ya skrini haimsumbui mtu. Unachukua picha yake ndogo, unainakili pikseli kwa pikseli kwenye kumbukumbu ya skrini, na kazi imekwisha. Shida huanza inapofika ukingoni, nusu ikiwa ndani na nusu nje, kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta haijui ukingo ni kitu gani: kwake skrini ni mlolongo mmoja mrefu wa namba, na ukiiambia iandike mahali pasipo pake, itaandika. Kukata spraiti ni kuamua, kabla ya kuchora, ni sehemu gani ya picha itakayoonekana, kisha kuichora sehemu hiyo peke yake.

Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa na jahazi lililovuka skrini kutoka kushoto kwenda kulia. Lilipokuwa likiingia, omo, yaani sehemu yake ya mbele, lilionekana kushoto mahali pake, lakini tezi, yaani sehemu ya nyuma, ambayo ilipaswa kuwa bado imefichika, ilijitokeza upande wa kulia kabisa, mstari mmoja juu zaidi. Nililicheka kwanza, nikidhani ni kosa dogo la hesabu. Kisha nikalishusha jahazi hadi chini ya skrini, na alama za mchezaji, ambazo hazikuhusiana na jahazi hata kidogo, zikaanza kubadilika zenyewe. Makosa yote mawili yalikuwa na mzizi mmoja, nao ndio utakaoshughulikiwa hapa.

Mifano yote imeandikwa kwa lugha ya C, na skrini yetu ni ya pikseli 320 kwa 200, kila pikseli ikishika baiti moja, yaani baiti 64,000 kwa jumla. Ukubwa huo si wa kubuni: ni hali ya picha yenye rangi 256 iliyokuja na VGA, mfumo wa picha wa kompyuta za IBM, mwaka 1987, na michezo mingi ya kompyuta za DOS ilichorwa humo. Ni kweli kwamba maktaba za leo kama SDL, na hata turubai ya kivinjari, hukata zenyewe bila kukuuliza. Lakini anayeunganisha kompyuta ndogo ya ESP32 na skrini ndogo ya pikseli 320 kwa 240, au anayetengeneza bafa (eneo la kumbukumbu) yake mwenyewe ya kuchorea, hana wa kumkatia, na hata anayetumia maktaba hujikuta akihitaji hesabu hizi siku atakapotaka kugeuza picha au kuichorea ndani ya dirisha dogo.

Hatua ya 1: Andaa umbo moja la picha

Skrini na spraiti vyote ni picha, kwa hiyo viwekwe katika umbo moja:

    typedef struct {
        int upana, kimo;
        int mruko;
        unsigned char *data;
    } Picha;

Upana na kimo havihitaji maelezo. Mruko ni idadi ya baiti kutoka mwanzo wa mstari mmoja wa pikseli hadi mwanzo wa mstari unaofuata. Kwa skrini yetu, mruko ni 320, sawa na upana wake, na kwa spraiti iliyohifadhiwa peke yake, yenye pikseli 16 kwa 16, mruko ni 16. Utajiuliza kwa nini namba moja ipewe majina mawili. Jibu ni kwamba mara tu utakapoanza kukata, upana utapungua na mruko hautapungua, na anayevichanganya viwili hivi hupata picha iliyolala upande kama nyumba ya makuti iliyopigwa na upepo. Vitenganishe tangu mwanzo.

Kuna faida nyingine ambayo huja bila kutafutwa. Spraiti nyingi huhifadhiwa pamoja kwenye karatasi moja kubwa ya picha, kwa mfano yenye upana wa pikseli 128. Ukitaka spraiti mojawapo iliyomo humo, unaunda Picha yenye upana 16 na kimo 16, unaielekeza data yake kwenye pikseli ya kwanza ya spraiti hiyo ndani ya karatasi, na mruko unauweka 128. Msimbo wa kuchora hautahitaji kujua kwamba karatasi ipo.

Zingatia pia kwamba vigeu vyote vya vipimo ni namba zenye alama, yaani int. Kuna kishawishi cha kusema kwamba upana hauwezi kuwa hasi na hivyo kutumia namba zisizo na alama. Kishinde. Katika C, ukilinganisha namba yenye alama na isiyo na alama ya ukubwa uleule, ile yenye alama hugeuzwa kwanza, na hapo -5 huwa 4,294,967,291 kwenye mashine ya kawaida. Spraiti iliyoingia kidogo kutoka kushoto itahesabiwa kuwa iko mbali sana upande wa kulia, na itatoweka bila neno.

Hatua ya 2: Andika mchoraji asiyekata, ulione kosa

Huyu ndiye mchoraji rahisi kuliko wote. Rangi namba 0 tunaichukulia kuwa ndiyo isiyochorwa, ili mandhari ya nyuma ionekane kupitia matundu ya spraiti.

    void chora_bila_kukata(Picha *sk, Picha *sp, int x, int y)
    {
        for (int j = 0; j < sp->kimo; j++)
            for (int i = 0; i < sp->upana; i++) {
                unsigned char r = sp->data[j * sp->mruko + i];
                if (r != 0)
                    sk->data[(y + j) * sk->mruko + (x + i)] = r;
            }
    }

Ichore spraiti kwenye x = -5 na y = 10. Pikseli yake ya kwanza huangukia faharisi, yaani namba ya mahali ndani ya data ya skrini, ya 10 × 320 - 5, ambayo ni 3,195. Faharisi hiyo ni halali kabisa, ila ni ya mstari wa 9, safu ya 315. Hapo ndipo tezi ya jahazi langu ilipokwenda. Sasa ichore kwenye y = 195. Mistari mitano ya kwanza inakaa vizuri, na mistari 11 iliyobaki, kuanzia wa 200 hadi wa 210, inaandikwa nje ya baiti 64,000 tulizopewa. Programu inaweza kufa papo hapo, au, jambo ambalo ni baya zaidi, ikaendelea kukimbia huku ikiwa imeandika juu ya kigeu cha mtu mwingine. Ukikusanya programu yako kwa gcc au clang, ongeza -fsanitize=address, swichi ya kukagua matumizi ya kumbukumbu, wakati wa majaribio, nayo programu itasimama kwenye mstari uleule uliokosea. Hata hivyo, kosa la kushoto katikati ya skrini swichi hiyo haitaliona, kwa kuwa limeandikwa ndani ya kumbukumbu iliyo halali.

Hatua ya 3: Andika mchoraji wa polepole aliye sahihi

Kabla ya sharti la rangi, ongeza sharti la nafasi:

    int px = x + i, py = y + j;
    if (px < 0 || px >= sk->upana) continue;
    if (py < 0 || py >= sk->kimo) continue;

Fanksheni hii iite chora_polepole. Ni sahihi, na ni vigumu kuikosea. Ubaya wake ni kwamba spraiti ya 16 kwa 16 hulinganishwa mara 1,024 hivi hata ikiwa imekaa katikati ya skrini na haihitaji kukatwa popote. Kwa kompyuta ya mezani ya leo na spraiti thelathini, sitakudanganya, hutaona tofauti. Kwenye kifaa kidogo chenye kuchora fremu nzima mara nyingi kwa sekunde, utaiona.

Usiifute. Itahitajika mwishoni kama shahidi.

Hatua ya 4: Kata mstatili, usikate pikseli

Wazo lote la kukata kwa haraka ni hili: spraiti ni mstatili, skrini ni mstatili, na sehemu ambayo viwili hivyo vinapishana ni mstatili pia. Huhitaji kuuliza kila pikseli kama imo au haimo. Unauliza kingo nne tu, mara moja, kabla ya kitanzi kuanza. Fanksheni hii mpya iite chora_haraka.

    int kushoto = x,  kulia = x + sp->upana;
    int juu     = y,  chini = y + sp->kimo;

    if (kushoto < 0)          kushoto = 0;
    if (juu     < 0)          juu     = 0;
    if (kulia > sk->upana)    kulia   = sk->upana;
    if (chini > sk->kimo)     chini   = sk->kimo;

    if (kushoto >= kulia || juu >= chini) return;

Hapa neno la kuangaliwa ni "hadi". Tukisema kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, kila mtu anaelewa kwamba Ijumaa imo. Katika msimbo huu mambo ni kinyume: kulia ni safu ya kwanza isiyokuwamo, na chini ni mstari wa kwanza usiokuwamo. Ukishika desturi hiyo, upana ni kulia kutoa kushoto, bila kuongeza moja wala kupunguza moja, na mstatili mtupu ni ule ambao kushoto na kulia vimelingana. Ukishika desturi nyingine si dhambi, mradi usichanganye mbili katika fanksheni moja, maana hapo ndipo zinapozaliwa zile safu moja moja za pikseli zinazokosekana upande wa kulia, ambazo mtu huzitafuta usiku kucha.

Sharti la mwisho linaishughulikia spraiti iliyo nje kabisa. Ni rahisi kulisahau kwa kuwa vitanzi vya C havitazunguka hata kidogo upana ukiwa hasi, na hivyo programu itaonekana kuwa sawa. Siku utakapobadilisha kitanzi cha ndani kwa memcpy, fanksheni ya C ya kunakili kumbukumbu, ambayo hupokea ukubwa usio na alama, upana wa -3 utageuka kuwa namba kubwa mno na programu itaanguka. Liache palepale.

Hatua ya 5: Sogeza chanzo pamoja na lengo

Wengi hukwama hapa, nami nilikwama. Ukikata upande wa kulia au wa chini, unachora pikseli chache zaidi basi. Lakini ukikata upande wa kushoto au wa juu, mahali pa kuanzia panabadilika kwenye picha zote mbili. Kwenye skrini unaanzia safu ya 0, na kwenye spraiti unaanzia ndani, ukiziruka safu zilizokatwa. Anayesogeza upande wa skrini peke yake hupata spraiti ambayo, badala ya kupotelea nyuma ya ukingo, inajibana kwenye ukingo na kunyofolewa kutoka upande usiofaa: omo ndilo linaloliwa, wakati tezi ndiyo iliyopaswa kufichika.

    int ruka_x = kushoto - x;
    int ruka_y = juu - y;
    int w = kulia - kushoto;
    int h = chini - juu;

    unsigned char *chanzo = sp->data + ruka_y * sp->mruko + ruka_x;
    unsigned char *lengo  = sk->data + juu * sk->mruko + kushoto;

    for (int j = 0; j < h; j++) {
        for (int i = 0; i < w; i++)
            if (chanzo[i] != 0)
                lengo[i] = chanzo[i];
        chanzo += sp->mruko;
        lengo  += sk->mruko;
    }

Zitazame ruka_x na ruka_y. Hazikuandikiwa sharti lolote. Ikiwa ukingo wa kushoto haukuguswa, kushoto bado ni sawa na x, na tofauti yake ni sifuri, hivyo hakuna kinachorukwa. Nimeona watu wakiandika masharti manne, kila moja likipunguza upana na kusogeza chanzo kwa mkono. Njia hiyo hufanya kazi, lakini ni rahisi zaidi kuikosea.

Mistari miwili ya mwisho ya kitanzi ndipo mruko unapolipa deni lake. Baada ya kuchora mstari mmoja, chanzo husogea kwa mruko wa spraiti, yaani 16, hata kama tumechora pikseli 11 tu. Ukiweka w mahali pa mruko, kila mstari utaanza pikseli tano kabla ya mahali pake, na picha itapinda.

Sasa chukua karatasi na kalamu ufanye hesabu moja kwa mkono, maana hakuna ufafanuzi unaoshinda namba. Spraiti ni 16 kwa 16, x = -5, y = 190. Kingo zake ni kushoto -5, kulia 11, juu 190 na chini 206. Baada ya kukata, kushoto ni 0, kulia ni 11, juu ni 190 na chini ni 200. Upana unaoonekana ni 11, na kimo kinachoonekana ni 10. Ruka_x ni 0 kutoa -5, ambayo ni 5, na ruka_y ni 0. Chanzo kinaanzia baiti ya 5 ya spraiti, na lengo linaanzia 190 × 320, yaani baiti ya 60,800 ya skrini. Zinachorwa pikseli 110 kati ya 256, na masharti yaliyoulizwa kuhusu kingo ni sita.

Hatua ya 6: Kata kwa dirisha lolote

Mara nyingi eneo la mchezo si skrini nzima. Mchezo wa DOOM wa mwaka 1993 ulikuwa na skrini hiihii ya 320 kwa 200, na mistari 32 ya chini ilikuwa ya ubao wa hali ya mchezaji, hivyo mandhari ya mchezo ilibakiwa na mistari 168. Ili spraiti isipande juu ya ubao kama huo, badilisha sifuri, upana na kimo katika masharti manne kwa kingo za dirisha:

    if (kushoto < d->kushoto) kushoto = d->kushoto;
    if (juu     < d->juu)     juu     = d->juu;
    if (kulia   > d->kulia)   kulia   = d->kulia;
    if (chini   > d->chini)   chini   = d->chini;

Yaliyobaki hayabadiliki hata herufi moja. Sharti pekee ni kwamba dirisha lenyewe liwe ndani ya skrini, kwa hiyo likate dirisha kwa skrini mara moja linapoundwa, si kila unapochora. Dirisha likiwa ndani ya dirisha jingine, mathalani orodha ya vitu ndani ya kisanduku, unayapishanisha yote mawili kwa masharti hayahaya na kupata dirisha dogo zaidi.

SDL2 hulitoa jambo hili kwa jina la SDL_SetClipRect, na maktaba ya picha ya OpenGL kwa glScissor. Hiyo ya pili huhesabu y kutoka chini ya dirisha kwenda juu, na mara ya kwanza utakapoitumia utakata upande usioutaka.

Hatua ya 7: Spraiti iliyogeuzwa kama kwenye kioo

Wachoraji wengi huchora mhusika akitazama kulia tu, kisha msimbo humgeuza atazame kushoto. Ukigeuza, mambo ya ukingo wa kushoto hayapo tena mahali ulipoyazoea. Safu inayochorwa kwanza kushoto mwa skrini ni safu ya mwisho ya spraiti. Kwa hiyo kilichofichwa na ukingo wa kushoto wa skrini ni upande wa kulia wa picha. Kukata mstatili wa skrini kunabaki vilevile, kwa kuwa mstatili haujali kilichomo. Kinachobadilika ni mahali pa kuanzia kwenye chanzo na mwelekeo wa kusoma:

    unsigned char *chanzo = sp->data + ruka_y * sp->mruko
                          + (sp->upana - 1 - ruka_x);
    ...
            if (chanzo[-i] != 0)
                lengo[i] = chanzo[-i];

Kwa mfano wetu wa x = -5, safu ya kwanza kuonekana ni 16 - 1 - 5, yaani ya 10, na tunarudi nyuma hadi ya 0. Hizo ni safu 11, sawa na mwanzo. Kugeuza juu chini ni vivyo hivyo: anza mstari wa kimo kutoa 1 kutoa ruka_y, na toa mruko badala ya kuujumlisha.

Hatua ya 8: Kamera na namba zenye desimali

Katika mchezo unaosogeza mandhari, x ya kuchorea ni nafasi ya spraiti duniani kutoa nafasi ya kamera, na nafasi hizo mara nyingi zina desimali. Ukiandika (int) mbele ya namba yenye desimali, C hukata kuelekea sifuri: 0.7 huwa 0, na -0.7 huwa 0 pia. Matokeo yake ni kwamba spraiti inayotoka taratibu upande wa kushoto husita kwenye ukingo, ikikaa kwenye safu ya 0 kwa muda mara mbili ya safu nyingine yoyote. Ni kasoro ndogo, na jicho huinasa bila kujua limeona nini. Tumia floor kwanza, kisha ndipo ugeuze kuwa namba kamili.

Vifaa vya zamani vilikuwa na tatizo la namba hasi kwa namna yake. Kwenye NES, mashine ya michezo ya Nintendo, nafasi ya x ya spraiti ni baiti moja, 0 hadi 255, kwa hiyo spraiti haiwezi kuwekwa kwenye -3 ili iingie kidogo kidogo kutoka kushoto. Waundaji waliweka swichi ya kuzifunika safu nane za kushoto kabisa, na spraiti ikajitokeza kutoka nyuma ya pazia hilo. Game Boy ya mwaka 1989 ilitatua vizuri zaidi: x huhesabiwa ikiwa imeongezwa 8 na y ikiwa imeongezwa 16, hivyo spraiti yenye x ya 0 imefichika yote na yenye x ya 3 inaonyesha safu tatu tu. Unaweza kuiga wazo hilo kwa kutenga bafa kubwa kuliko skrini. Ukiacha ukanda wa pikseli 16 pande zote, bafa inakuwa 352 kwa 232, baiti 81,664 badala ya 64,000, na spraiti ya 16 kwa 16 inayogusa skrini haihitaji kukatwa kamwe. Sehemu ya ukanda haionyeshwi tu. Ni hila nzuri pale kumbukumbu ilipo ya kutosha. Kwenye kifaa kidogo kumbukumbu ndiyo kitu adimu, na spraiti ya kwanza yenye pikseli 18 huibomoa hila hiyo.

Hatua ya 9: Mwite shahidi

Majaribio ya kuangalia kwa macho hayatoshi, kwa sababu jicho haliioni pikseli moja iliyopotea kwenye kona. Tengeneza skrini ndogo ya majaribio yenye upana 40 na kimo 30, na spraiti yenye upana 7 na kimo 5. Nimechagua namba zisizolingana makusudi: spraiti ya mraba huficha kosa la kubadilishana upana na kimo. Kila pikseli ya spraiti ipe namba yake, 1 hadi 35, ili ionekane imetoka wapi. Kisha mchoraji wa polepole na mchoraji wa haraka wachore mahali palepale, kila mmoja kwenye bafa yake, na bafa zilinganishwe:

    for (int y = -20; y <= 35; y++)
        for (int x = -20; x <= 45; x++) {
            memset(a.data, 0, 40 * 30);
            memset(b.data, 0, 40 * 30);
            chora_polepole(&a, &sp, x, y);
            chora_haraka(&b, &sp, x, y);
            if (memcmp(a.data, b.data, 40 * 30) != 0)
                printf("tofauti: x=%d y=%d\n", x, y);
        }

Hizo ni nafasi 3,696, zikiwemo kona zote nne, kingo zote, na spraiti iliyo nje kabisa kila upande. Bafa ya pili itenge ikiwa na baiti 1,000 za ziada mbele na nyuma, zote zikijazwa namba 170, na mwishoni hakikisha kwamba hakuna hata moja iliyobadilika. Hapo ndipo utakapojua kwamba hakuna kilichoandikwa nje. Fanksheni ya kugeuza nayo iandikiwe shahidi wake wa polepole, ambaye husoma safu ya upana kutoa 1 kutoa i.

Orodha ya tofauti ikichapishwa, isome kabla ya kuugusa msimbo, kwa kuwa namna zilivyojipanga husema kosa liko wapi. Tofauti zikiwa pale x au y ilipo hasi peke yake, na picha ikiwa haijapinda, chanzo hakikusogezwa. Zikitokea pale tu spraiti inapokatwa kushoto au kulia, na picha ikiwa imelala upande, w imetumika mahali pa mruko. Ikikosekana safu moja ya mwisho kila mahali, hata katikati ya skrini, "hadi" mbili zimechanganywa. Na tofauti zikionekana kwenye spraiti iliyogeuzwa pekee, x ikiwa hasi, rudi kwenye hatua ya 7 uiangalie ile ruka_x, kama imetolewa au imejumlishwa.